Stuli ya miguu mitatu: ni ya Alvar Aalto kweli, na mguu ukifunguka nifanye nini?

"Shikamoo mwalimu. Nasomea usanifu majengo, naishi Mombasa. Mwezi uliopita nilinunua stuli ya miguu mitatu kutoka kwa familia ya kigeni iliyokuwa inahama. Waliniambia ni ya Alvar Aalto, msanifu wa Finland. Kikalio ni cha duara, mbao ilikuwa nyeupe nadhani, sasa ina rangi ya asali, na miguu imepinda kwa juu kama herufi L iliyopinduliwa. Mguu mmoja tabaka zake zimeanza kuachana pale kwenye kona, hata kadi ya benki inapita. Fundi wa mtaani anataka kupiga misumari miwili midogo halafu apake vanishi upya. Rafiki yangu anasema nimeuziwa plaiwudi. Jingine: darasani tunafundishwa majengo ya Aalto tu, sielewi msanifu wa majengo alikuwa anatafuta nini kwenye viti. Na je, naweza kutengeneza kama hii kwa mninga nikauza?"

Marahaba. Kabla ya yote mwambie fundi asubiri. Misumari kwenye kona ile ndiyo njia fupi ya kuua mguu ambao bado unaponyeka, na vanishi nayo ibaki kwenye kopo lake. Sababu nitazieleza tukifika huko.

Umeuliza mambo manne, lakini yote yanazunguka ile kona. Kona ndiyo itakayokwambia kama stuli ni halisi. Ndiyo inayofunguka, ndiyo itakayokusumbua kwenye mninga, na ndiyo kitu chenyewe alichokuwa anakitafuta Aalto. Basi tuanzie hapo.

Igeuze stuli miguu juu, uilaze kwenye taulo karibu na dirisha, uutazame mguu kwa ubavu. Kuanzia unyayoni, mguu wa Aalto ni mbao nzima, kipande kimoja kisicho na mstari wa gundi. Ukipanda kuelekea kwenye kona utaona mistari myembamba inaanza, inakwenda sambamba, inapinda pamoja na kona, kisha inaishia kwenye ncha iliyolala chini ya kikalio. Mistari hiyo ni vipande vyembamba vilivyoingizwa ndani ya mbao. Ukiona tabaka zimeanza tangu chini hadi juu, mguu mzima, hiyo ni stuli ya namna nyingine: vinia, yaani tabaka nyembamba za mbao, zimebandikwa pamoja kisha zikapindwa, na nakala nyingi za bei nafuu hutengenezwa hivyo. Si lazima iwe stuli mbaya. Ila si ya Aalto.

Kisha tazama namna mguu ulivyoshikizwa. Kwenye ile ya Aalto hakuna fremu chini ya kikalio, hakuna ulimi na tundu, hakuna mbao ya kuunganisha mguu na mguu. Ile ncha iliyolala imefungwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye kikalio. Pima: kimo ni sm 44, na kipenyo cha kikalio ni sm 38 hivi. Wataalamu huiita Stool 60, ya mwaka 1933. Kuna ndugu yake mwenye miguu minne, E60, kwa hiyo idadi ya miguu peke yake haithibitishi wala haikanushi.

Muhuri au kibandiko chini ya kikalio husaidia, lakini usikuamulie kila kitu, maana hubanduka, na mtu akitaka kukubandika muhuri wa uongo hashindwi. Ukiona jina Artek, hiyo ndiyo kampuni ya Helsinki inayozitengeneza hadi leo. Finmar ni waliokuwa wakiziuza Uingereza miaka ya 1930. Hedemora ni mji wa Uswidi ambako zilitengenezwa kuanzia 1945 hadi katikati ya miaka ya 1950. Skrubu nazo zisome: zenye mfereji mmoja mara nyingi ni za zamani kuliko zenye msalaba, ingawa hakuna kinachomzuia mtu kubadilisha skrubu.

Sasa rafiki yako na plaiwudi yake. Ana haki kidogo, kwa sababu ndani ya kona kuna tabaka. Anapokosea ni kudhani tabaka ni ujanja wa kubana matumizi. Chukua mguu wenye unene wa mm 30, uupinde digrii 90 kwa nusu kipenyo cha mm 50 upande wa ndani. Upande wa ndani wa kona unatembea mm 79 hivi, upande wa nje mm 126. Tofauti ni mm 47 kwenye kona isiyozidi kiganja. Mbao nzima ikilazimishwa hivyo, uso wa nje ungetakiwa unyooke zaidi ya asilimia 20, na mbao kavu hupasuka ikinyooshwa asilimia moja tu hivi. Mvuke na joto huilainisha, ndivyo viti vya Thonet vilivyopindwa tangu karne ya 19, lakini kona fupi namna hii kwenye mbao nene bado ni vita.

Chukua sasa daftari la kurasa mia, ulipinde. Linapinda bila shida kwa sababu kila ukurasa unateleza juu ya mwenzake, na ukitazama kingo utaona zimekuwa ngazi. Ndicho kinachotokea kwenye mguu wako. Mbao ya mbetula, mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe, hupasuliwa kwa msumeno kuanzia nchani, mipasuo ikifuata nyuzi, hadi chini kidogo ya pale kona itakapoanza. Ncha inakuwa kama mkono wenye vidole vingi. Kila mpasuo unawekewa kipande chembamba chenye gundi, kisha vyote vinapindwa kwa joto juu ya kalibu wakati gundi bado inateleza. Vidole vinapishana, gundi inakauka, ngazi za nchani zinakatwa. Chini umebaki na mbao nzima yenye nguvu ya mbao, juu umepata kona isiyo na kiungo. Plaiwudi ya kawaida haikupi hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu nusu ya tabaka zake nyuzi zimelala upande.

Aalto mwenyewe aliuita mguu wa kiti mdogo wa nguzo ya jengo. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la darasani, ila kulielewa inabidi kumjua mtu.

Alizaliwa Kuortane, Finland, Februari 1898, akakulia zaidi Jyväskylä, akasoma usanifu Helsinki hadi 1921. Ofisi yake ya kwanza aliifungua Jyväskylä mwaka 1923, na mwaka uliofuata akamwoa Aino Marsio, msanifu mwenzake aliyemzidi umri kwa miaka minne. Weka alama hapo, kwa sababu vitabu vingi vimemweka mama huyu pembeni. Samani nyingi zinazoitwa za Aalto zilipita mikononi mwa wote wawili. Kampuni ya Artek ilipoanzishwa 1935, waanzilishi walikuwa wanne: Alvar, Aino, Maire Gullichsen na Nils-Gustav Hahl. Aino ndiye aliyeongoza kazi za ubunifu za Artek, baadaye akaiongoza kampuni yenyewe hadi alipofariki Januari 1949.

Mwaka 1927 walihamia Turku, na hapo ndipo Aalto alipokutana na mtu ambaye kwangu ni nusu ya hadithi: Otto Korhonen, mwenye kiwanda cha samani. Aalto alikuwa na maswali, Korhonen alikuwa na mashine, gundi na mafundi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 walijaribu, wakavunja, wakajaribu tena. Anayekwambia kwamba Aalto aliketi mezani akachora kona ile kwa kipaji tu hajawahi kupinda mbao. Michoro haisemi gundi itashika baada ya muda gani.

Wakati ule wasanifu wa kisasa wa Ulaya walikuwa wanapinda mabomba ya chuma. Marcel Breuer alikuwa ameonyesha njia Ujerumani, na Aalto alivipenda viti vile, hata akajaribu vyake vyenye miguu ya bomba na kikalio cha plaiwudi. Kisha ikaja kazi ya sanatoria ya Paimio, hospitali ya kifua kikuu aliyoshinda shindano lake 1929 na kuimaliza 1933. Kipindi kile dawa ya kuua vijidudu vya TB haikuwapo. Tiba ilikuwa hewa, jua na kulala, miezi hata miaka. Aalto akaanza kukitazama chumba kwa jicho la mtu aliyelala chali. Taa isimwangaze usoni. Dari ipakwe rangi iliyokoza kuliko kuta, maana ndiyo anayoitazama kutwa. Sinki liwe na pembe ambayo maji yakianguka hayapigi kelele, ili mwenzake wa kitanda cha pili asiamke. Vitasa vya milango vipindwe ili mkono wa koti la daktari usinase. Na kiti? Chuma ni baridi kwa ngozi ya mgonjwa, kinarudisha mwanga machoni na kinapiga kelele kikigongwa. Ndipo mbao ikarudi, lakini mbao inayofanya kazi iliyokuwa ya bomba la chuma. Kiti namba 41, kinachoitwa cha Paimio, ni plaiwudi moja nyembamba iliyokunjwa juu na chini, imening'inia ndani ya fremu mbili za mbetula zilizopinda hadi zikafunga. Mwinamo wa mgongo ulikusudiwa kumfungulia mgonjwa kifua apumue. Karibu na kichwa kuna mianya ya kupitisha hewa.

Unaona basi kwamba hakuwa na kazi mbili. Jengo lile ni zege, refu, la kisasa kabisa, lakini zege haligusi mwili wa mgonjwa. Vinavyougusa ni kiti, kitasa na sinki. Msanifu akiishia ukutani, sehemu inayomgusa mtu inaachiwa duka la samani.

Stuli yako ina historia inayofanana. Maktaba ya Viipuri, mji uliokuwa wa Finland wakati ule, iliyokamilika 1935, ilikuwa na ukumbi wa mihadhara wenye dari la mbao linalopanda na kushuka kama mawimbi, ili sauti ya msemaji imfikie wa nyuma, na chumba cha kusomea chenye matundu 57 ya mwanga darini, yaliyopangwa ili kivuli cha msomaji kisianguke kwenye kitabu chake. Stuli za miguu mitatu ndizo zilizokaliwa ukumbini. Mitatu, si minne, kwa sababu mbili ambazo hata babu zetu waliochonga vigoda walizijua nusu yake: nukta tatu daima hukaa sawa hata sakafu ikiwa na mabonde, na miguu mitatu ya umbo lile hukuruhusu kupanga stuli moja juu ya nyingine zikizunguka kama ngazi ya mnara. Baada ya vita mji ukaangukia Umoja wa Kisovyeti, maktaba ikaachwa kuharibika karibu miaka kumi, na ukarabati wake mkubwa ulikamilika 2013. Leo ni Vyborg, Urusi.

Mengine ya maisha yake unayo darasani, sitakuchosha: Villa Mairea, ukumbi wa mji wa Säynätsalo wa matofali, bweni la Baker House kwenye chuo cha MIT, Marekani. Alifariki Helsinki, Mei 1976. La kujifunza zaidi kwa swali lako ni kosa. Ukumbi wa Finlandia, uliofunguliwa 1971, aliuvisha marumaru nyeupe ya Carrara. Baridi na joto la Helsinki vikayakunja mabamba yale yakajikunja kama chapati iliyoachwa juani. Yakabadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa marumaru ileile, yakapinda tena. Ukarabati uliokamilika 2025 ulileta marumaru ya Lasa. Mtu aliyeijua mbetula hadi nyuzi zake alishindwa na jiwe, kwa sababu kila malighafi ina hali ya hewa yake. Sasa turudi Mombasa.

Nyumba ya Finland wakati wa baridi ina hita ndani na hewa kavu. Mbao humo hubakiwa na maji kama asilimia 6 ya uzito wake. Mombasa hewa ina unyevu wa asilimia 75 hadi 80 siku nyingi, na mbao ileile itakunywa hadi ifike asilimia 14 au 15. Mbao ikinywa, haiongezeki kwa urefu wa nyuzi, inanenepa kwa upana. Kwenye kona iliyopinda jambo hili lina matokeo ya ajabu: urefu wa safu ya ndani na ya nje umebaki vilevile, unene umeongezeka, kwa hiyo pembe inalazimika kufunguka. Kwa mabadiliko ya kiasi hicho inaweza kufika digrii 2 hivi. Kwenye mguu wa sm 40 hiyo ni zaidi ya sm 1 unyayoni. Lakini ncha imefungwa kwa skrubu juu na mtu amekalia. Nguvu yote ile inakwenda kwenye mistari ya gundi, na mstari ulio dhaifu ndio unaoachia.

Kama stuli ni ya zamani, gundi yenyewe huenda ni ya aina isiyopenda unyevu. Kama ilikaa karibu na kiyoyozi, imekuwa ikinywa na kukauka kila siku, na hilo ni baya kuliko unyevu wa kudumu. Na kuna adui mwingine wa pwani ambaye watu hawamfikirii: deki. Kila asubuhi nyayo za miguu zinasimama kwenye maji, na unyayo ni mwisho wa nyuzi, sawa na mirija. Ukiona weusi chini ya miguu, sababu ndiyo hiyo. Inua stuli kabla ya kudeki, na ukimaliza ukarabati upake nyayo nta ya nyuki iliyoyeyushwa, mara mbili tatu, hadi zikatae kunywa.

Sasa misumari. Tabaka za pale konani ni nyembamba na nyuzi zake zote zinaelekea upande mmoja. Msumari hautazibana, utazipasua kwa urefu, na ufa utashuka kuelekea mbao nzima. Hewa ya chumvi itaushika msumari kutu ndani ya miezi michache. Na atakayekuja baadaye kutaka kuubandika mguu vizuri atakuta chuma njiani. Kuhusu vanishi: ile rangi ya asali ni miaka. Ukiisugua kwa msasa umeondoa ushahidi wa umri na sehemu kubwa ya thamani, halafu vanishi nene itaganda juu ya ufa bila kuugusa ndani.

Kabla ya kubandika chochote, kagua tena. Kama chini ya kikalio kuna alama inayoonyesha stuli ni ya miaka ya 1930 au 1940, simama hapo. Kama ufa umeshuka ukaingia kwenye mbao nzima, au ukiona vumbi laini likidondoka kutoka matundu madogo, ambalo ni la bungua, mdudu anayekula mbao, simama pia. Hizo ni kazi za mhifadhi, mtaalamu wa kutunza vitu vya kale. Kwenye ngome ya Fort Jesus kuna wahifadhi, na ndiko mabaki ya jahazi la Kireno Santo António de Tanna, lililozama 1697, yalikopelekwa kutunzwa. Si karakana ya viti, lakini mtu wa fani hiyo atakupa ushauri ambao seremala hana. Bungua hasa msimchelewe, maana mbetula ni chakula chake kizuri na atahamia kwenye kabati lako.

Kama ni stuli ya miaka ya karibuni na tabaka zimeachana tu kwenye mstari wa gundi, unaweza kuifanya mwenyewe kwa uvumilivu. Andika A, B, C kwa penseli kwenye kila mguu na mahali pake kwenye kikalio, kwa sababu matundu ya skrubu hayalingani. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wa skrubu. Iliyogoma usiilazimishe: igusishe ncha ya chuma cha kulehemu kilichopata moto kwa nusu dakika, ikaze kidogo kwanza, ndipo uilegeze.

Mguu uliotoka uweke wiki moja kwenye chumba kikavu, mbali na jua. Upime kwa mizani ya jikoni kila siku, na uzito usipobadilika siku mbili mfululizo, uko tayari. Ukibandika mbao iliyoloa, itakauka baadaye na kuivuta gundi mpya. Kisha safisha ndani ya ufa. Kata utepe wa msasa namba 120, uupitishe taratibu kama unapiga mswaki, hadi gundi kuukuu itoke na uone mbao safi. Usitumie maji. Usipanue ufa kwa bisibisi ili uone vizuri, wengi huvunjia hapo.

Jaribu kubana bila gundi. Klempu peke yake zitateleza kwenye kona, kwa hiyo chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, uikate utepe wa upana wa sm 3, uizungushe konani mara sita hadi nane ukiivuta. Mpira unabana pande zote sawasawa, jambo ambalo klempu ya chuma haiwezi. Ufa ukifunga kabisa, vizuri. Usipofunga, kuna uchafu ndani au tabaka imejipinda, na gundi haitarekebisha hilo. Rudi kusafisha.

Gundi gani? Gundi nyeupe ya mafundi ni nzuri kwa kiungo kilichotulia, lakini kwenye mbao inayovuta kila saa hutambaa polepole, na unyevu wa pwani huilainisha. Supagluu inakauka kabla hujafunga na ni kavu mno, inakatika. Gundi ya wanyama ingempendeza mhifadhi kwa sababu inafunguka tena kwa joto na maji, na ndiyo maana Mombasa haitadumu. Mimi ningetumia epoksi ya kukauka taratibu, ile ya saa 24, si ya dakika tano. Gharama yake ujue: haifunguki tena. Ndiyo maana nimesema stuli yenye historia isiguswe nayo.

Changanya kidogo, ml 5 zinatosha, kwa uwiano ulioandikwa kwenye chupa bila kukadiria kwa macho. Joto la pwani huiharakisha, kwa hiyo kila kitu kiwe tayari kabla hujakoroga. Ivute kwa bomba la sindano, iingize ndani ya ufa hadi pande zote mbili zilowe, isambaze kwa ukanda wa plastiki. Zungushia nailoni ili mpira usigande, kisha tyubu. Usibane hadi gundi yote ikimbie, kiungo kikavu hakishiki. Inayotokeza ifute kwa spiriti kabla haijaganda. Saa 24 tyubu ibaki, na siku tatu asikae mtu. Tundu la skrubu lililolegea lijaze vijiti vya meno vyenye gundi, ukate sawa, halafu urudishe skrubu ileile. Skrubu ndefu zaidi itatokea kwenye kikalio, na hiyo hairekebishiki.

Tumebakiwa na mninga. Ni mbao tulivu, haichezi sana na unyevu, na kwa kikalio siwezi kukushauri bora zaidi. Kwenye kona ndipo itakapokusumbua, kwa sababu nyuzi zake mara nyingi zina mawimbi au zimepishana, na uzi unaotoka nje ya ukingo ndipo ufa unapoanzia. Mvule ni mbaya zaidi kwa hilo. Chagua ubao ambao nyuzi zimenyooka tangu mwanzo hadi mwisho kwenye nyuso zote mbili, au kubali kuutupa mguu mmoja kati ya mitatu unapojifunza.

Kwa kona ya vipimo nilivyotoa juu, anza na kipande cha urefu wa mm 560 na unene wa mm 30. Pasua mifereji kumi kutoka nchani, kina cha mm 250, kwa msumeno wa mkanda wenye mpasuo wa mm 1.5. Vidole vitakavyobaki vitakuwa na mm 1.4 hivi. Kanuni ya karakana ni kwamba nusu kipenyo cha kona kisipungue mara 35 hadi 40 ya unene wa kidole, kwa hiyo uko pazuri. Kila mfereji uwekee vinia mbili za mm 0.6, nyuzi zikielekea urefu. Mwishoni mwa mifereji funga klempu imara, hapo ndipo mguu hupasuka. Kalibu yako ifanye kali kuliko digrii 90, kwa digrii 2 au 3, kwa sababu mguu utarudi kidogo ukiuachia. Gundi ya unga ya urea au epoksi, si nyeupe. Ukifungua baada ya siku nzima utaona zile ngazi za daftari nchani. Zikate.

Kuuza ni suala jingine. Hataza, yaani haki za uvumbuzi, za miaka ya 1930 zilikwisha zamani, kwa hiyo mbinu ya kupinda mguu ni ya kila mtu. Umbo la stuli nzima na majina ni mambo mawili tofauti na hilo. Ulaya kazi za sanaa zinazotumika zinaweza kulindwa miaka 70 baada ya kifo cha mbunifu, na kwa Aalto hiyo ni hadi mwisho wa 2046. Jina lake na la kampuni usiliandike kwenye kitu ulichotengeneza wewe, hata kwa kusema "mtindo wa". Kabla ya kuchapisha bei, muone wakili wa miliki bunifu au uliza KIPI, taasisi ya Kenya ya kusajili hataza na alama za biashara, Nairobi. Aliye Tanzania aanzie BRELA, wakala wa usajili wa huko. Ushauri wangu ni kwamba uichukue kona uiache stuli. Meza ya chini, benchi la barazani, rafu: vyote vinahitaji mguu unaogeuka bila kiungo, na hakuna atakayekushtaki kwa benchi.

Kabla hujagusa skrubu ya kwanza, piga picha nne: chini ya kikalio pote, muhuri kama upo, kona iliyofunguka kwa ubavu, na unyayo wa kila mguu. Kama utamhitaji mhifadhi, picha hizo ndizo atakazoziomba kwanza, na mguu ukishatolewa hutaweza kuzipiga tena.